Pimbi na Kigari cha Mlimani

Zama wanyama walipokuwa wakiendesha magari, Pimbi mpenda sifa alikuwa na gari kuukuu lisilowahi kumlaza njiani. Kila siku ya gulio alimpakia mama yake na madebe mawili ya maharage.

Ngedere akamletea kigari kifupi chenye matairi mapana. "Hiki kinapanda hata ule mlima. Tubadilishane?"

Akili ilikataa, macho yakakubali.

Gulio lilipofika, mama alienea kwenye kigari, madebe yakabaki chini. Ngedere akapita na lile kuukuu, akampakia mama na madebe yake.

Pimbi akawafuata akila vumbi. Mama akachungulia dirishani. "Kwani, mwanangu, huko mlimani una nani?"

Pimbi hakuwa na mtu mlimani. Aliyekuwa naye ndiye huyo, anakwenda zake ndani ya gari la Ngedere.