Sahani Moja Pungufu

Watoto walikuwa mia moja sitini na nne. Sahani zilizotoka jikoni zilikuwa mia moja sitini na tatu.

Warigia alihesabu tena, kidole hewani. Hesabu ikabaki ile ile. Alikuwa ametoka Mwiki alfajiri bila hata chai, akapitia ofisini Thika kuchukua fomu, ndipo akapanda bodaboda kuja kukagua mpango wa chakula katika shule hii ya Gatuanyaga. Mpaka hapo hakuwa ameona doa. Mahindi na ndengu zilinunuliwa kwa wakulima wa papo hapo, waliovuna kiduchu baada ya misimu miwili ya ukame. Stoo ilikuwa safi. Muthokoi aliokaribishwa nao ofisini kwa mwalimu mkuu alipofika, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na ndengu, ulikuwa mtamu hadi akapangusa sahani kwa kidole. Kisha akaona haya, akaifunika kwa makaratasi yake.

Na sasa hili.

Aliyekosa alikuwa Janice, msichana wa gredi ya pili. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, akikwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko. Wenzake walikaa kivulini, kila mmoja na sahani aliyoleta kutoka kwao, jina lake limeandikwa chini kwa rangi ya kucha zisije zikachanganyika. Janice hakuwa na sahani.

Warigia aliujua ukoko huo. Utotoni aliwahi kutolewa kwenye foleni ya chakula darasa zima likimtazama, na aibu ile haijamtoka hadi leo. Damu ikamchemka.

Akamwita mpishi, Ndunge, mama mzima mwenye wajukuu, mbele ya mwalimu mkuu na Mzee Kiilu wa kamati ya wazazi. Akamuuliza kama alipika pungufu. Ndunge akasema alipika kwa idadi ya watoto, kama ofisi ilivyoagiza, bila kuzidisha hata punje. Hata yeye mpishi hakuhesabiwa.

"Sasa chakula ya huyu mtoto imeenda wapi, mama?"

Ndunge akaikunja aproni yake, akaikunjua, akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. Mzee Kiilu akakohoa kama anayetaka kusema jambo, halafu akageukia jikoni.

"Imekuliwa, madam," Ndunge akasema polepole. "Wacha tu iishe hivyo."

Warigia hakuwa mtu wa kuacha mambo yaishe hivyo. Alimfuata mtoto nyuma ya jiko, akainama, akamuuliza kwa upole nani aliyechukua sahani yake. Janice akaficha kijiko mgongoni.

"Mwalimu amesema tusiseme," akanong'ona. "Ati ni tabia mbaya."

Alitaka ushahidi gani tena? Akarudi kwa wale watu wazima, akawaeleza wazi kwamba shule ikimnyima chakula hata mtoto mmoja huondolewa kwenye mpango, na yeye hana namna. Akaongeza, ingawa hakuna fomu iliyomtaka aseme, kwamba ni aibu mtu mzima kula chakula cha mtoto wakati wa njaa. Neno aibu alilitamka mara mbili, la pili kwa sauti, hadi watoto kivulini wakaacha kutafuna. Ndunge aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka, akayafuta kwa aproni. Mzee Kiilu, aliyekuwa amepanda ndengu shamba zima akitegemea soko la shule, alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

Warigia akaingia ofisini, akajifungia. Fomu iliuliza nani alihusika. Akaandika: mpishi. Mkono ulisita kidogo, maana mama yule alikuwa rika la mama yake, na kumliza mtu wa umri huo mbele za watu si jambo la kujivunia. Lakini mtoto ni mtoto, akajiambia, akatia sahihi.

Akakusanya makaratasi yake mezani, akakutana na ile sahani aliyoifunika asubuhi. Angalau airudishe jikoni mwenyewe, asimwongezee mama wa watu kazi. Akaiinua, ikapinduka mkononi.

Chini yake, kwa rangi nyekundu ya kucha, paliandikwa: JANICE, GREDI 2.