Kifungu Alichoongeza Fundi Cherehani

"Naunga mkono muswada," alisema fundi cherehani, na wazee kumi na wawili waliokaa nyuma yake wakaguna kwa pamoja kama watu waliokanyagwa vidole.

Wao ndio waliomchagua. Ndiye kijana wao, mwenye sauti, anayesoma bila miwani. Walimtuma mbele ya kamati ya bunge akaupinge muswada wa waziri wa ustawi wa jamii, ule wa kufuta ruzuku ya wazee wasiojiweza ili kila mmoja alelewe na watoto wake. Wote waliishi kwa ruzuku hiyo. Hata mzee wa fundi, aliyepigwa na kiharusi, dawa zake zilitoka humo humo.

Waziri, aliyekuwa ameshajiandaa kulaumiwa, aliweka kalamu chini.

"Endelea, binti yangu."

"Mheshimiwa, umesema mzazi ni mzigo wa mwanawe, si wa serikali. Sawa kabisa, hata mimi namtunza mzee wangu. Ila sheria yako haina meno. Mtoto mwenye uwezo akimtupa mzazi wake, mzazi aende kumtaja kwa kinywa chake mbele ya afisa. Mtoto huyo akatwe nusu ya mshahara, tena jina lake lisomwe bungeni watu wote wasikie."

"Lisomwe na nani?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Na waziri mwenyewe. Nani mwingine ana sauti kama ile?"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Waziri alicheka kuliko wote.

"Huyu ndiye mtoto!" alisema, akimwonyesha kwa mkono. "Unamtunza mzee wako mwaka wa ngapi sasa?"

"Wa tisa."

"Na mume?"

"Alikuwepo mchumba. Akaniambia nichague, yeye au mzee."

"Mmemsikia? Ningekuwa na mabinti elfu moja wa namna hii, wizara ningeifunga nikaenda kulala." Akamgeukia katibu. "Kiandike hicho kifungu. Neno kwa neno."

Nje, kwenye ngazi, mwenyekiti wa wazee alikuwa akimngoja. Alikuwa dereva wa malori kabla magoti hayajamgomea.

"Kumbe tulikuwa tunafuga nyoka."

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako mpelekee waziri! Wamekulisha nini humo ndani? Mwanangu mimi hana kazi, analala kwa rafiki yake. Mimi ataniweka wapi, mfukoni?"

Fundi alishuka ngazi. Wazee hawa hawakuwahi kumkosea, na alijua wataumia. Alitembea na jambo hilo mtaa mzima. Alipofika kwenye kona ya duka la vitambaa, akaliacha hapo.

Walikaa chumba kimoja, cherehani dirishani, kitanda cha mzee ukutani. Alimgeuza ubavu, akampaka mafuta pale ngozi ilipoanza kuchubuka, akamvutia shuka kavu bila kumwinua. Mikono yake ilikuwa imeijua kazi hiyo kuliko kushona. Redio ilikuwa ikirudia habari za kamati, na sauti ya waziri ikajaa chumbani. Fundi akanyoosha mkono aizime.

"Mwache aseme," mzee alimzuia, maneno yakimtoka nusu nusu. "Mwonee huruma, mama."

"Huruma yangu yote umeshaimaliza wewe, mzee wangu."

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa uso. Kisha akajigeuza kidogo, akabaki kuutazama ukuta mpaka habari zikaisha.

Siku ya kura, fundi alikaa kwenye roshani ya wageni. Spika alipowahoji wabunge, "Ndiyo!" yao ilitikisa vioo. "Siyo" zilikuwa chache, kama kikohozi cha watu wawili watatu. Roshani nzima ilinyamaza, yeye peke yake akapiga makofi, mpaka askari akaja kumwinamia.

"Dada, wageni hawaruhusiwi kupiga makofi."

"Samahani, afande. Mikono imenitoroka."

Kule chini, waziri alitazama juu akampungia.

Ruzuku ilikatika mwezi uleule. Sheria ilipoanza kazi, fundi alimsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu hadi ofisi ya ustawi wa jamii, wakawa wa kwanza mlangoni. Afisa, mama wa makamo mwenye miwani, alitoa fomu mpya inayonuka wino.

"Kwa hiyo wewe ndiye mtoto wake?"

"Hapana, mama. Mimi nilikuwa mfagiaji wa wodi. Mwanawe alimleta pale hospitali, akaandikisha jina lake na namba yake kwenye kadi, akasema anatoka mara moja kutafuta dawa. Hakurudi. Nilipompigia simu alisema nimekosea namba, baba yake alishazikwa."

Akaweka mezani kadi ya hospitali. Afisa aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaisoma kadi tena. Alikwenda kufunga mlango kwanza, ndipo akarudi kukaa.

"Kadi peke yake haitoshi," alisema kwa sauti ya chini. "Sheria inataka mzazi amtaje mwenyewe. Mzee, mwanao ni nani?"

Miaka yote tisa, kila alipoulizwa swali hilo, mzee alijibu kwamba hakujaliwa mtoto. Alimtazama fundi usoni. Akaitazama mikono yake, iliyochunika kwa sabuni. Kisha akauinua mkono, polepole, ukapita juu ya kichwa cha afisa, na kidole kikasimama kwenye picha ya waziri iliyotundikwa ukutani.