Mkanda Unaong'aa

Jandarme aliyekuja kununua mkanda wa kunolea wembe aliiruka yote iliyolainika kwa kazi, akashika mmoja mpya, unaong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Hortense, aliyebaki peke yake na kibanda cha mumewe kinyozi pale Katuba, akabana midomo asicheke. Tangu Katanga ijiite nchi, kila askari aliyevaa kofia ya jandarme alikuwa mjuzi wa kila kitu.

"Huu njo muzuri," alisema jandarme.

"Muzuri kabisa, shefu." Ulikuwa mgumu kama ubao.

Akatoa wembe mfukoni, akaukunjua, akausukuma juu ya mkanda makali mbele, kama mtu anayemenya muhogo. Ngozi ikachanika. Mjinga mkubwa, Hortense aliwaza, mpaka alipouona mpini.

Ulikuwa umefungwa waya wa shaba, mizunguko saba, wa mwisho umepinda. Aliufunga yeye mwenyewe. Mumewe alikuwa na wembe huo mfukoni siku doria ilipomchukua, wiki tatu sasa, kwa kosa la kuzaliwa Kasai, si Katanga.

"Leta nikuonyeshe, shefu."

Akaupokea wembe, akavuta mkanda mkongwe wa mumewe, akaupitisha juu yake taratibu, mgongo ukitangulia, makali yakifuata, kwenda na kurudi. Jandarme alitazama mdomo wazi.

Hortense akaukunja wembe, akautia kifuani, ndani ya blauzi. Kisha akamsukumia ule mkanda uliochanika.

"Beba mukaba, nakupatia bure," alisema. "Wembe iko na mwenyewe."