Kura ya Sebagabo

Sebagabo alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha choo, amevaa suti aliyomzikia mke wake, na bomba la bafu ameliacha limwage maji bure ili walio nje wadhani anaoga.

Saa kumi na moja kasorobo. Vituo vya kura vilikuwa vinafungwa saa kumi na mbili. Angeweza kukaa humo ndani saa moja na robo tu, siku ingekuwa imepita.

"Papa!" Uwera, binti yake, aligonga mlango kwa kiganja. "Uko unaoga mara ya tatu leo. Umegeuka samaki?"

"Tumbo linaniuma."

"Tumbo, ao kichwa ngumu?"

Sauti ya pili ilikuwa ya Jules, dereva wa gari la kanisa. "Mzee Sebagabo, bon, mimi nimebeba watu toka asubuhi. Hata yule bibi wa oksijeni amepiga kura, na chupa yake pembeni. Mtaa mzima wa Newburg umebakia wewe peke yako. Tuvunje mlango?"

Bafu halikuwa na dirisha. Waliojenga nyumba zile walijua nani atapangishwa humo, wakaona dirisha la nini. Ukungu nao unahitaji mahali pa kuishi.

Kiti kilichokuwa kinapigiwa kura hakikuwa cha Washington. Kilikuwa cha seneti ya jimbo la Kentucky, kule Frankfort, kiti cha mitaa yao wenyewe. Seneta wao alikiacha katikati ya muhula akafuata kazi yenye mshahara mnono, ndivyo wakubwa walivyo, na sasa palihitajika mtu wa kummalizia muda. Mgombea mmoja alikuwa tajiri mwenye maghala. Wa pili alikuwa nesi mstaafu, na huyo alikuwa na neno moja tu kila alipokwenda: mfanyakazi akijisikia vibaya kazini, aruhusiwe kuketi bila kukatwa pointi, zile ambazo zikiisha anafukuzwa.

Mukashyaka, mke wa Sebagabo, alikuwa amebakiza pointi moja afukuzwe. Siku moja ya joto la Julai kifua kilimbana akiwa ghalani, kati ya maboksi. Msimamizi akamwambia angoje mapumziko. Akangoja. Mapumziko yalipofika alikuwa ameshalala sakafuni, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeitwa kuulizwa.

Ndiyo maana Uwera alitembea mlango kwa mlango miezi mitatu kwa ajili ya nesi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikisha baba yake kupiga kura, kwenye kompyuta, wiki ileile kanisa lilipochinja mbuzi wawili kusherehekea uraia wa mzee. Siku hiyo, Sebagabo alipotoka ofisi ya uhamiaji, ngoma zilikuwa zimeshaanza kwenye maegesho ya magari. Wamama wakamfunika kwa vigelegele hata hakupata nafasi ya kusema neno, akaishia kulia tu.

Jules alifungua kitasa kwa kisu cha mezani.

"Eh! Suti imekauka, nywele zimekauka," alisema. "Maji ya huku hayalowanishi?"

Wakamtoa huku wanacheka, mmoja kushoto, mmoja kulia. Ndani ya gari akajaribu mlango wa nyuma. Haukufunguka. Ulikuwa wa kufungua kwa nje tu, kwa sababu ya watoto wa Shule ya Jumapili.

Kituo kilikuwa katika ukumbi wa michezo wa shule. Saa kumi na moja na dakika arobaini. Mbele yake watu wawili, halafu mmoja, halafu meza. Nyuma yake Uwera, na nyuma ya Uwera nusu ya kanisa, waliokwisha kupiga kura na hawataki kwenda nyumbani.

Mama wa kituo akalitafuta jina, akalipata. Akageuza kitabu, akaweka kidole kwenye mstari, akampa kalamu.

"Weka sahihi tu, Papa," Uwera alisema taratibu. "Halafu nitakuacha uoge mpaka Noeli."

Sebagabo akailaza kalamu mezani.

"Siweki."

"Papa."

"Walimwangalia mke wangu anakufa!" Sasa alisema kwa nguvu, ukumbi mzima ukageuka. "Viti vyao wavijaze wenyewe."

"Nesi si wao! Nesi yuko kwa ajili ya Mama!"

"Ni walewale."

Uwera akamjibu kwa Kiingereza, lugha anayoishika akikasirika, polepole ili hata baba yake aelewe: mama alitoa uhai wake juu ya sakafu, na mume wake ameshindwa kumtolea tone la wino.

Sebagabo alirudi nyumbani kwa miguu. Gari la kanisa lilimpita. Jules hakupunguza mwendo.

Nesi alishindwa kwa kura tisa, na mwenye maghala akaenda Frankfort. Uwera akafunga nguo zake, akahamia mji wa Columbus, kwa shangazi yake kule Whitehall. Baba yake akipiga simu, hapokei. Kanisani watu wakasogea, benchi likabaki la Sebagabo peke yake. Roho yake imechacha, walisema, kifo cha mke kimemharibu. Hakumbishia mtu.

Alhamisi iliyofuata alipanda mabasi mawili mpaka ng'ambo ya mji, kwenye chumba cha chini cha maktaba ambako hakuna Mkongomani mwenzake anayefika. Mwalimu alifungua daftari, akamrudia swali lililokuwa limemwangusha mara mbili kwenye mtihani wa uraia, ambao mpaka siku hiyo hakuwa ameupita: taja haki moja ambayo ni ya raia peke yake.

"Kupiga kura," Sebagabo alijibu.