Magunia Sita ya Bibi Thoa

"Magunia sita! Sita, si moja! Kayala nani, panya?"

"Unaniuliza mimi? Mimi mlinzi wa ghala lako?"

"Nimuulize nani tena, Mzee Khue? Jana mchana nimeacha zamu yangu wazi, nikajilaza kidogo. Mtu kakaa hapa, kabonyeza, mchele wangu umevuka mto mpaka kwako!"

Korido nzima ya ghorofa ya tatu ilishatoka nje. Mien, fundi cherehani wa chumba cha mwisho, alitoka na suruali ya mtu begani na sindano mdomoni, asije akapitwa na neno. Bibi Thoa alipiga kelele akiuelekea mlango wake mwenyewe, utadhani mwizi yuko ndani. Ndani alikuwamo mwanawe tu, Bach, anakunywa chai.

Mchele wenyewe haukuwa wa kupika. Ulikuwa kwenye kompyuta chakavu ya Mzee Khue, juu ya meza ya Bibi Thoa, hapo hapo koridoni. Mchezo wa vita wa kupokezana: mmoja akicheza, mwenzake anageukia ukuta asichungulie. Kila mtu na mji wake, na kila zamu askari wako wanataka magunia matatu. Ukiyakosa, mji umeanguka, mchezo umekwisha.

Mwisho huo ndio uliomnyima Khue usingizi. Bach alikuwa ametoka Saigon kuja kumchukua mama yake moja kwa moja. Bibi alimwambia hawezi kuacha vita katikati, Bach akacheka, akakubali: mchezo ukiisha, wanaondoka. Likizo yake ilikuwa inaisha kesho; mchezo usipoisha, anarudi peke yake. Mabegi yalishafungwa kamba.

"Mama, sita tu hayo," Bach aliita kutoka ndani. "Unayo themanini. Mmalize mzee wa watu twende."

"Jioni namfunga, mwanangu. Kesho nakula kwako. Huku Hanoi baridi ya kila mwaka imenila magoti."

Khue akacheka kwa nguvu, kama mtu asiyejali. Miaka kumi na minane wamegombana mlango kwa mlango: maji, kamba ya nguo, moshi wa jiko. Siku ambayo hawakugombana, alilala mapema kwa kukosa la kufanya. Sasa mtu wa miaka sabini na mbili maneno ya kumwomba jirani asiondoke anayaanzaje?

Basi alichoweza ni kutoacha mji wake ufe njaa. Aliuza farasi. Akawarudisha makwao wapiga mishale. Akabomoa ukuta wa nyuma apate mawe ya kubadilishana na mchele. Hata hivyo jana asubuhi ghala lilibaki na gunia moja. Jioni, alipokaa kwenye zamu yake, akakuta saba. Akalisha watu wake. Leo asubuhi wamekula tena, na ghala limerudi kwenye gunia moja.

Jioni hii mji ulikuwa unaanguka.

"Mimi siamini," Mien alimnong'oneza, sindano ikicheza mdomoni. "Thoa apotelewe na mchele? Mtu aliyekulia kwenye foleni za mgao wa mchele, anaacha tofali lenye jina lake limshikie nafasi, halafu akifika nyumbani anapima upya? Hajawahi kupotelewa na kikombe, huyo."

"Basi kuna mwizi hodari."

"Na anakupenda wewe, mzee," Mien akamkonyeza.

Khue alimtazama vizuri. Mien na Bibi Thoa walikunywa chai pamoja kila siku, wakisengenya jengo zima. Nani mwingine angemlilia Thoa akiondoka?

Saa sita korido ililala, kama kila mchana wa joto. Khue alijibanza nyuma ya pipa la maji. Hakutaka kumkamata mwizi. Alitaka kumpigia magoti arudie.

Magoti yenyewe yalianza kumuuma. Alisimama, akachuchumaa, akasimama tena. Kila feni iliyokoroma aliidhani hatua za mtu. Mara mlango wa Mien ukafunguka. Mien akamwaga maji ya beseni, akapiga mwayo, akarudi ndani.

Dakika arobaini zikapita. Labda kelele za asubuhi zimemtisha mwizi. Labda haji tena.

Ndipo pazia la Bibi Thoa likafunuka. Khue akajikunja zaidi, akajilaani. Mwenye mali amekuja kulinda mali yake. Mwizi gani atathubutu sasa?

Bibi Thoa alisimama peku, akasikiliza mkoromo wa Bach ndani. Kisha akakaa, akashusha miwani kutoka kwenye nywele, akashika kipanya.

"Moja," alihesabu kwa kunong'ona. "Mbili. Tatu."

Kwenye kioo gunia moja moja lilitoka ghalani kwake, likavuka mto, likaingia mji wa Khue.

"Sita."

Akavua miwani. Hakugeuka.

"Mzee Khue, pipa hilo haliwezi kuficha tumbo lako. Bach akiamka tunaanza upya kugombana, na safari hii jitahidi, asubuhi ulikuwa umepooza kabisa. Haya, tambi zinapoa. Ingia ule."