Simu Isiyo Kwenye Orodha

Coral Tunney alimimina maji kwenye beseni juu ya kaunta, akaitosa simu yake, kisha akamgeukia mwenye duka.

"Sasa leta zako."

Craig alizitazama simu zake sita zilizopangwa mbele yake, nyembamba, zinang'aa. Hakutoa hata moja.

"Mama, simu si samaki."

"Ndivyo nilivyodhani." Coral akaiopoa ya kwake, akaikung'uta. Ikawaka.

Mji mdogo wa Tarrawindi una mnara mmoja na kampuni moja ya simu. Asiyeitaka kampuni hiyo aongee na kondoo wake. Nayo ilikuwa imetangaza kwamba Ijumaa hii, saa sita mchana, kila simu isiyo kwenye orodha yake ya simu zilizopimwa itafungwa. Ya Coral haikuwemo. Wala haikuwemo mpya aliyoiagiza ng'ambo, nene kama tofali, yenye vitufe pembeni, aliyokuja nayo ili isajiliwe. Craig alikuwa amehamia kutoka mjini miezi miwili tu iliyopita, akawa wakala. Fomu ya kuombea ruhusa maalumu ilikuwa kwenye droo yake, kurasa kumi na moja, na hakuwa na hamu kubwa nayo.

Coral alivaa glavu za mpira, akazilowesha, akazigusa simu za kaunta moja moja. Hakuna hata moja iliyoitika.

"Nani anashika simu na glavu zimelowa?" Craig aliuliza.

"Mimi."

"Ukiwa unazalisha kondoo, si uzivue kwanza?"

"Wakati mwingine hiyo kwanza haipo. Mwaka jana nilinunua kama hizi zako. Ikanizimikia nimepiga magoti kwenye matope, damu mpaka viwikoni. Tukampoteza."

"Pole. Kondoo nao—"

"Alikuwa na jina."

Craig akauma mdomo asicheke. Alishasikia kwamba wafugaji wa huku huwapa kondoo wao majina.

Nola wa posta, aliyekuja kuchukua vifurushi, alishindwa kuvumilia. "Craig, hivi wewe unajua huyu ni—"

"Nola, funga bakuli lako," Coral alimkata. "Sitaki huruma ya mtu. Simu inafaa au haifai, basi. Nimewaandikia barua tatu, wamenijibu kwa picha ya msichana anacheka."

Craig aliligeuzageuza lile tofali mkononi. "Mama, sheria hii ni kwa usalama wako. Kitu hiki hakijapimwa kama kinaweza kupiga sifuri tatu, namba ya dharura. Uko shambani peke yako, umeanguka, nyonga imevunjika. Utafanyaje?"

"Tangu nizaliwe sijapiga sifuri tatu."

"Na siku utakapopiga?"

"Atakuja nani?"

"Litakuja gari la wagonjwa! Ulitaka aje nani?"

Nola alicheka mpaka akashika kaunta. Coral naye alicheka, ila bila furaha. Craig aliona anachezewa shere dukani mwake mwenyewe, na hapo hata ile hamu ndogo ya kufungua droo ikamwisha.

Saa sita ilipogonga, simu ya Coral iliandika kwamba hakuna mtandao. Lile tofali nalo lilikataa.

"Chagua moja kati ya hizi sita," Craig alisema. "Kesho utanishukuru."

"Sichagui. Simu ya kunizimikia mkononi sinunui mara ya pili, hata uniwekee kisu shingoni. Jumatatu nakwenda makao makuu yao mimi mwenyewe, na beseni langu hili."

Akamwaga maji nje, akatoka.

Lakini hakwenda nyumbani. Aliisogeza pikapu yake hadi mbele ya mlango wa duka, akazima injini, akaacha mlango wa gari wazi, akakaa anakula pai ya nyama huku akitazama barabara. Polisi wa mji alisimama, wakanong'ona, akaondoka amekunja uso. Mwalimu mkuu naye vivyo hivyo. Saa nane Nola alimpelekea chai. Kila aliyepita alikuwa na neno naye, na kila aliyeondoka alimtupia Craig jicho baya.

"Amegoma," Craig alimwambia mkewe, Tahnee, aliyekuwa amejinyoosha chumba cha nyuma na mimba yake ya miezi minane. "Kizee kile kina kichwa kigumu. Na akae hapo mpaka Krismasi, simfungulii simu."

Saa tisa Tahnee alitokea ameishikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Craig," aliita. Damu ilikuwa imefika miguuni.

Craig alinyakua simu iliyo nzuri kuliko zote kwenye kaunta, akapiga sifuri tatu. Kama orodha ilivyoahidi, iliita mara moja tu, ikapokelewa.

"Gari la wagonjwa! Tarrawindi, duka la simu! Mke wangu anavuja damu, ni mjamzito, fanyeni upesi!"

Mwanamke wa upande wa pili, kilomita mia saba kutoka hapo, aliongea kwa utulivu. Alimwambia amlaze ubavu na asikate simu. Craig alimsikia akibofya namba, akisubiri, akibofya tena.

"Bwana, gari lenu lipo hapo hapo mjini, lakini mhudumu wake wa pekee hapatikani kwenye simu. Anaitwa Coral Tunney. Kuna yeyote hapo anayejua tutampata wapi?"