Kijiti cha Oili

Kama alivyofanya marehemu mumewe kila gari lilipotoka gereji, mama wa fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka cheupe kama kimechovywa kwenye chai ya maziwa.

Maji yalikuwa yamevujia kwenye oili. Pistoni zingepanda na kushuka zikisagana na silinda, hadi injini izime ghafla huko mlimani, mteja alikokuwa akielekea.

“Kifute, Mama,” mwanawe alinong'ona. “Nimeshamwambia imepona. Unataka tufunge gereji?”

Garini, mteja alikuwa akiwafunga watoto mikanda. “Bibi, injini inasemaje? Imekupa salamu?” alitania.

Tone likamdondokea mama kwenye kiatu. Kitambaa alikuwa nacho mkononi. Alimtazama mwanawe, akamtaja Mungu kimoyomoyo, kisha akakipeleka kijiti dirishani vilevile, hakukifuta.

“Baba, washushe watoto kwanza.”